UWAJIBIKAJI WA PAMOJA: MKONO MMOJA UKIKOSEA, NANI AJIBU?

Ndugu msomaji, somo letu la safari hii linaanza na neno moja: kuwajibika. Hapa Minnesota tunalisikia darasani kila siku kwa Kiingereza, mpaka limekuwa kama chumvi ya kila mboga. Lakini Kiswahili cha nyumbani, hasa cha Tanzania, kimelipa maana kali zaidi. Mtu akisema kijiweni, "Waziri awajibike!", hana maana waziri aongeze bidii kazini. Ana maana aachie ngazi.

Maana hiyo ina historia, na historia yenyewe inahusu vyombo vya dola. Katikati ya miaka ya 1970, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, ulifanyika msako wa watu walioshukiwa kuhusika na mauaji ya vikongwe waliodaiwa kuwa wachawi. Washukiwa waliteswa, na baadhi yao walifia mikononi mwa maafisa wa usalama. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Si yeye aliyetesa. Lakini mwanzoni mwa mwaka 1977 alijiuzulu, kwa sababu askari walikuwa chini ya wizara yake. Wakuu wa mikoa hiyo miwili nao waliondoka. Baadhi ya maafisa waliohusika walifikishwa mahakamani. Na Mwinyi hakupotea kwenye ramani: mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano.

Hebu tulitazame vizuri jambo hilo. Kujiuzulu kwa mkubwa hakukufuta kesi za wadogo, na kesi za wadogo hazikumwokoa mkubwa. Kila mmoja alijibu kwa upande wake. Basi tuchukue maana hii ya kufanyia kazi katika somo letu: uwajibikaji wa pamoja ni kila mwenye sehemu kujibu kwa sehemu yake, kwa kipimo cha uwezo aliokuwa nao wa kuzuia. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Yashike, tutayarudia.

1. WATATU WALIOKUWA PEMBENI

Sasa tuje huku tunakoishi. Tarehe 25 Mei 2020, kwenye makutano ya 38th Street na Chicago Avenue, kusini mwa Minneapolis, afisa wa polisi Derek Chauvin alimkandamiza George Floyd shingoni kwa goti kwa dakika 9 na sekunde 29, mpaka akakata roho. Hayo dunia nzima inayajua. Mwaka 2021 Chauvin alipatikana na hatia ya mauaji na kuhukumiwa miaka 22 na nusu. Wanafunzi wa somo hili, macho yetu yawe kwa wale wengine watatu.

J. Alexander Kueng alikuwa amembana Floyd mgongoni. Thomas Lane alishika miguu. Tou Thao alisimama akiwazuia watu wasisogee. Kueng na Lane walikuwa wageni kabisa kazini, na zamu zao wenyewe zilikuwa za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Chauvin alikuwa na miaka 19 kazini, na ndiye aliyekuwa mkufunzi wa Kueng. Lane aliuliza mara mbili kama wamgeuze Floyd alale ubavu. Akakataliwa, akanyamaza.

Jamani, sisi tuliolelewa kwa "mkubwa hakosolewi mbele za watu" tunaielewa hali hiyo vizuri sana. Askari mpya, siku ya nne kazini, amwambie mwalimu wake "mzee, toa goti"? Utetezi wao ulisimama hapo hapo. Lakini idara ya polisi ya Minneapolis ilikuwa na kanuni tangu mwaka 2016: askari anayemwona mwenzake akitumia nguvu isiyofaa lazima amzuie. Kanuni haikusema "isipokuwa kama mwenzako ni mkubwa wako".

Februari 2022, kwenye mahakama ya shirikisho hapa Saint Paul, jopo la raia liliwakuta wote watatu na hatia ya kuvunja haki za kiraia za Floyd kwa kutompa huduma ya kuokoa maisha. Thao na Kueng waliongezewa kosa la kutomzuia mwenzao. Julai mwaka huo Lane alipewa miaka miwili na nusu, Kueng miaka mitatu, Thao mitatu na nusu. Katika kesi za jimbo, Lane alikiri kosa la kusaidia kuua bila kukusudia na kupewa miaka mitatu, Kueng naye akakiri na kupewa mitatu na nusu. Thao, aliyekataa kukiri, alihukumiwa mwaka 2023 miaka minne na miezi tisa.

Soma tena hizo namba kwa utulivu. Mahakama haikusema "wote ni wamoja". Aliyeuliza mara mbili alipata kidogo kuliko wenzake. Mwenye miaka mingi kazini kati ya hao watatu, yaani Thao, alipata kikubwa. Hicho ndicho kipimo cha uwezo wa kuzuia.

Na tusidhani hili ni jambo la Marekani peke yake. Kenya ina mfano wake. Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda ambaye alikuwa dereva wa bodaboda, na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitekwa wakitoka mahakamani Mavoko, wakauawa. Mwenda alikuwa amemlalamikia askari aliyempiga risasi. Kesi ilichukua miaka sita. Julai 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani askari watatu na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wa polisi, na kumwachia huru askari wa nne. Februari 2023 Fredrick Leliman alihukumiwa kifo, Stephen Cheburet miaka 30, Sylvia Wanjiku miaka 24, na mpasha habari Peter Ngugi miaka 20. Watu wanne, vipimo vinne, na mmoja akaenda nyumbani kwa kuwa sehemu yake haikuthibitika. Pamoja, lakini si kwa mkupuo.

2. NGAZI TANO

Tukiipanga hoja kimasomo, tunapata ngazi tano za watu wa kujibu.

Ya kwanza ni mkono uliotenda. Hii haina ubishi.

Ya pili ni waliokuwa pembeni wakiwa na mamlaka ya kuzuia. Hao ndio Lane, Kueng na Thao. Mwaka 2020 huo huo, Bunge la Minnesota liliigeuza ile kanuni kuwa sheria ya jimbo zima: askari lazima amzuie mwenzake na lazima atoe taarifa.

Ya tatu ni wakubwa waliotoa amri, waliofundisha au waliofumba macho. Taarifa ya kwanza ya polisi juu ya kifo cha Floyd ilizungumzia tatizo la kiafya, bila kutaja goti hata mara moja. Taarifa hiyo haikuandikwa na Chauvin. Kuna mtu aliyeiandika na kuna ofisi iliyoitoa.

Ya nne ni taasisi na wanaoilipa. Aprili 2022 Idara ya Haki za Binadamu ya Minnesota ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba polisi wa jiji walikuwa na mwenendo wa ubaguzi wa rangi kwa muda wa miaka kumi, na ikanyoosha kidole kwenye mafunzo na usimamizi. Jiji lilikuwa limeshalipa familia ya Floyd dola milioni 27 mwaka 2021. Fedha hizo hazikutoka mfukoni mwa Chauvin. Ni fedha za jiji, maana yake ni za mwenye duka pale Karmel Mall, za dereva wa teksi wa Cedar-Riverside, na za kila anayelipa kodi Minneapolis. Ukitaka kujua kama unahusika na polisi wako, uliza nani analipa bili.

Ya tano ni raia na mkazi. Hapa Minnesota kuna sheria ambayo wengi hawaijui. Majimbo mengi ya Marekani hayamlazimishi mpita njia kumsaidia mtu. Minnesota inamlazimisha. Ukiwa kwenye eneo la dharura na ukajua mtu yuko katika hatari kubwa ya mwili, unatakiwa umpe msaada unaowezekana bila kujihatarisha, hata kama ni kupiga simu tu. Kosa lake ni dogo, ni faini. Lakini wajibu upo kwenye maandishi.

Sasa wakumbuke waliosimama kando ya barabara siku ile. Msichana wa miaka 17, Darnella Frazier, alilirekodi tukio hilo. Mwaka 2021 bodi ya tuzo za Pulitzer ilimtambua kwa heshima maalumu. Mfanyakazi wa zimamoto ambaye hakuwa zamu aliomba apime mapigo ya moyo, akakatazwa. Mpokea simu wa 911, aliyeliona tukio kupitia kamera ya jiji, alimpigia sajini wa polisi kumweleza wasiwasi wake. Wengine walipaza sauti. Hawakuwa na bunduki wala beji. Walikuwa na simu na mdomo, na wakavitumia. Bila wao, ile taarifa ya "tatizo la kiafya" ndiyo ingekuwa historia.

Hapa utasikia watu wakiwatetea polisi kwa kusema ni tunda moja tu bovu. Sisi methali yetu haiishii njiani: samaki mmoja akioza, huoza wote. Lakini nayo tuitumie kwa akili. Kabla ya kumwaga samaki wote, uliza nani aliliacha kapu juani.

3. MITEGO MIWILI

Mtego wa kwanza ni kusema "sote tumekosa" ili asijibu mtu. Tarehe 16 Februari 2018, Dar es Salaam, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Akwilina Akwilini, alipigwa risasi akiwa ndani ya daladala wakati polisi wakitawanya wafuasi wa Chadema huko Kinondoni. Alikuwa abiria tu. Mwanafunzi kama wewe. Askari kadhaa walichunguzwa, kisha jalada likafungwa kwa maelezo kwamba ushahidi hautoshi. Viongozi wa chama walioandamana ndio waliopandishwa kizimbani.

Ukiishia kwenye ngazi ya kwanza tu, hoja ya "hatujui ni bunduki ipi" inamaliza kila kitu. Lakini ngazi ya tatu haihitaji kujua ni bunduki ipi. Inauliza: nani aliruhusu risasi za moto kwenye barabara yenye daladala? Swali hilo lina jina la mtu na cheo chake. Wengi wakishika bunduki na asijulikane aliyefyatua, aliyewapanga anajulikana.

Mtego wa pili ni kinyume chake: kuwabebesha watu wasiokuwa na sehemu. Na huu unatuhusu sana sisi. Tarehe 15 Julai 2017 Justine Ruszczyk Damond, mwanamke kutoka Australia, alipiga 911 kusini magharibi mwa Minneapolis akidhani kuna mwanamke anashambuliwa nyuma ya nyumba yake. Alipolisogelea gari la polisi, afisa Mohamed Noor, mzaliwa wa Somalia, alimpiga risasi akafa. Kamera za mwilini hazikuwa zimewashwa.

Angalia ngazi zilivyofanya kazi. Mkuu wa polisi, Janeé Harteau, ambaye siku ya tukio alikuwa likizoni, alijiuzulu ndani ya wiki moja kwa shinikizo la Meya. Hiyo ni ngazi ya tatu, ile ile ya mwaka 1977, ingawa yeye alisukumwa. Masharti ya kuwasha kamera yalikazwa. Jiji lilikubali mwaka 2019 kulipa dola milioni 20. Noor alihukumiwa miaka 12 na nusu, kisha mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Minnesota ikafuta kosa la mauaji na kubakiza la kuua bila kukusudia, na adhabu ikashuka kuwa miezi 57.

Pembeni ya hayo, Wasomali wa miji yetu miwili walijikuta wakiulizwa maswali ambayo hawakuyatungia jibu. Mama muuza sambusa alikuwa na sehemu gani katika risasi ile? Alikuwa na uwezo gani wa kuizuia? Hakuna. Basi hana cha kujibu. Wengi walijiuliza pia mbona afisa Jeronimo Yanez, aliyemuua Philando Castile huko Falcon Heights tarehe 6 Julai 2016, aliachiwa huru na jopo mwaka 2017. Ni swali halali, na kuliuliza si kumtetea Noor. Kipimo kikiwa kimoja, kitumike kwa wote.

Ndiyo maana nilisema ushike maneno ya "uwezo wa kuzuia". Ukoo, kabila, dini na rangi havimpi mtu uwezo wa kuzuia. Cheo, zamu, sahihi na kura ndivyo vinavyompa.

4. NA MAANDAMANO JE?

Kipimo hicho hicho tukipeleke upande wetu. Haiwezekani tuwadai polisi ngazi tano halafu waandamanaji tuwape sifuri.

Usiku wa tarehe 28 Mei 2020 kituo cha tatu cha polisi, karibu na Lake Street, kilichomwa moto. Barabara hiyo hiyo ni ya maduka ya wahamiaji: Wasomali, Wamexico, Waekwado. Wengi walipoteza kila kitu kwa kosa ambalo si lao. Watu wanne walitiwa hatiani na mahakama ya shirikisho kwa kuchoma kituo hicho. Wanne, kati ya maelfu. Maelfu wale hawakuwa wachomaji, na asubuhi yake watu walikuja na mafagio na magunia kusafisha barabara bila kutumwa na mtu.

Nyumbani, Juni 2024, vijana wa Kenya walipoandamana kupinga Muswada wa Fedha walijisifu kwamba hawana kiongozi, hawana kabila, hawana chama. Faida yake ni wazi: hakuna wa kununuliwa. Lakini kasoro nayo ipo. Wezi wakijipenyeza, nani atasema "hao si wetu"? Nani atahesabu waliopotea? Kilichowaokoa ni kwamba kazi ziligawanywa hata bila vyeo: madaktari na wauguzi wa kujitolea walihudumia majeruhi, mawakili walikwenda vituoni kutafuta waliokamatwa. Mtu anaweza kukataa kuwa kiongozi na bado akakubali kuwa na sehemu. Aliyeleta maji anajibu kuhusu maji.

5. SISI WANAFUNZI TUNAINGIAJE?

Kuna anayesema, "Mimi niko hapa kwa viza, mambo ya Wamarekani hayanihusu." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndugu. Lakini tuongee ukweli pia: uwezo wetu una mipaka, na somo letu linasema tujibu kwa kadiri ya uwezo.

- Kurekodi polisi wakiwa kazini hadharani kunalindwa na Katiba ya Marekani, mradi usiwazuie. Simama mbali, nyamaza, shika simu vizuri.
- Si lazima uwe raia kupeleka malalamiko kuhusu askari wa Minneapolis. Jiji lina ofisi ya kuyapokea na kamati ya wananchi ya kuyapitia. Andika tarehe, saa, mahali na namba ya beji siku hiyo hiyo, kabla kumbukumbu haijachacha.
- Kama si raia, usipige kura wala kujiandikisha. Ni kosa kubwa. Lakini kikao cha baraza la jiji kiko wazi, nenda ukasikilize.
- Ukitaka kuandamana, kumbuka kukamatwa tu kunaweza kuathiri viza yako, hata kesi ikifutwa. Zungumza na mwanasheria mapema. Ukiona huwezi kwenda, zipo kazi nyingine: kutafsiri, kupika, kukaa na watoto wa waliokwenda.

Swali la nani wa kujibu halijazeeka. Mkataba wa kurekebisha polisi ambao jiji lilitia sahihi na Wizara ya Sheria ya Marekani Januari 2025 ulitupwa Mei mwaka huo baada ya Wizara yenyewe kujitoa. Makubaliano na jimbo, yaliyoidhinishwa na mahakama mwaka 2023, hayakufa pamoja nao. Kisha Januari 2026 Renee Good na baadaye Alex Pretti waliuawa kwa risasi hapa Minneapolis na maafisa wa serikali ya shirikisho wakati wa operesheni ya uhamiaji. Safari hii waliofyatua hawakuwa askari wa jiji. Meya hakuwa mkubwa wao. Ngazi ya tatu na ya nne zilikuwa Washington, na mkazi wa 38th Street akajikuta hajui barua yake aipeleke mlango gani. Kabla hujadai mtu awajibike, jua anawajibika kwa nani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Lane aliuliza mara mbili, akanyamaza. Wewe ungemwambia nini mkubwa wako, na kwa maneno gani ya Kiswahili chetu cha heshima?
2. Mwinyi alijiuzulu mwenyewe, Harteau alisukumwa. Je, tofauti hiyo ina maana kwa waliofiwa?
3. Chukua tukio moja la polisi nchini kwako. Lipange kwenye ngazi tano. Ngazi ipi haina jina la mtu hata mmoja? Kwa nini?
4. Fidia ilipwe na jiji au ikatwe kwenye mshahara wa askari? Toa hoja za pande zote mbili.

Jadilini wawili wawili kwanza, halafu kundi zima. Na anayepewa kazi ya kuandika muhtasari asije wiki ijayo akasema "tulisahau". Aseme nani alisahau.